Nyigu Anayejengewa na Mti: Rekodi za Wadudu wa Mialoni

Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani, jijini New York, yametunza wadudu wapatao milioni 18. Zaidi ya milioni 5 kati yao walifika hapo kwa jasho la mtu mmoja, na wote ni wa ukoo mmoja: nyigu wadogo wanaokulia ndani ya vivimbe vya mialoni. Mtu huyo ni Alfred Kinsey. Wengi wanamjua kwa vitabu vyake viwili, cha 1948 na cha 1953, kuhusu maisha ya faragha ya wanaume na wanawake wa Marekani, ambavyo vilizua mjadala dunia nzima. Kabla ya hapo, kwa karibu miaka 20, kazi yake ilikuwa nyigu. Kwa mtu mmoja kukusanya wadudu wa kundi moja kiasi hicho, sioni wa kumfikia.

Mwaloni tunausikia zaidi katika Biblia, kwenye habari za Ibrahimu na Mamre, kuliko kuuona. Afrika, mwaloni wa asili hupatikana kaskazini tu: Moroko, Algeria, Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna, isipokuwa iliyopandwa na wageni. Ndiyo maana nyigu hawa hawana jina la mtaani kwetu, wala hakuna aliyewahi kuumwa nao. Ni wadudu wadogo mno, wengi wakiwa na urefu wa milimita 1 hadi 5, na hawamsumbui binadamu. Wanachokifanya wanaufanyia mti. Jike hupenyeza mayai kwenye chipukizi, jani, ua, gome au mzizi. Buu anapoanguliwa, mti huacha kukua kama kawaida mahali hapo. Tishu huvimba, hujizungushia ganda, na katikati hutengeneza chumba chenye chakula laini ambacho buu hula mpaka akue. Mti ndio unaojenga, lakini ramani ni ya nyigu: kila spishi ina umbo lake la kivimbe. Kingine ni tufe laini, kingine kina manyoya, kingine kina miiba, kingine ni kisahani chembamba chini ya jani. Mtaalamu aliyezoea anaweza kukitazama kivimbe akataja jina la mdudu ambaye hajamwona.

Spishi zilizokwisha kupewa majina ni kama 1,000, na kila mwaka zinaongezwa nyingine, hasa kutoka Amerika Kaskazini na Asia. Meksiko peke yake ina aina zaidi ya 150 za mialoni, kwa hiyo kazi bado ni nyingi. Nitataja mkubwa, mdogo, mkatili na mwenye hasara. Lakini kwangu mimi rekodi zenye uzito katika kundi hili ni za uvumilivu, kwa sababu nyigu wa mwaloni hamalizi kujulikana siku anapookotwa. Mara nyingi anayeokotwa ni nusu tu ya mdudu.

Maelezo ya hiyo nusu yalikuja mwaka 1881, kutoka kwa daktari wa Schleswig, Ujerumani, aitwaye Hermann Adler. Wenzake walikuwa wakishangaa kwa nini nyigu wengine wa mialoni ni majike watupu, mwaka baada ya mwaka, bila dume hata mmoja. Adler alipanda mialoni midogo kwenye vyungu, akawafungia majike hao juu yake, akawatazama wakitaga, kisha akasubiri. Kilichoota hakikuwa kivimbe cha mama yao. Kilikuwa kivimbe cha umbo jingine kabisa, na ndani yake wakatoka madume na majike, wenye sura tofauti kiasi kwamba wataalamu walikuwa wamekwisha kuwaweka kwenye jenasi nyingine. Hao nao walipojamiiana na kutaga, kikarudi kivimbe cha kwanza pamoja na majike watupu. Kumbe mdudu ni mmoja mwenye vizazi viwili vinavyopokezana: kimoja cha dume na jike, kimoja cha majike wanaozaa bila dume. Mfano mzuri ni Biorhiza pallida wa Ulaya. Kizazi chake cha kiangazi kina vivimbe laini kwenye matawi. Kizazi cha pili hukaa kwenye mizizi chini ya ardhi, na majike wake hutoka wakati wa baridi kali bila mabawa, wakapanda shina kwa miguu hadi kwenye chipukizi za juu kutaga. Hao wasio na mabawa walikuwa na jina lao la kisayansi, aptera, kama spishi inayojitegemea. Adler alifuta majina mengi ya namna hiyo kwa vyungu na subira.

Mwaka ambao Adler alichapisha kazi yake haukumaliza mambo. Rekodi ya nusu iliyochelewa kuonekana naipa Andricus quercuscalicis, ambaye hugeuza kokwa la mwaloni wa Ulaya kuwa kitu chenye matuta, kigumu na chenye gundi. Alipewa jina mwaka 1783. Watu walimtafuta mwenzake kwenye mwaloni uleule, wakakosa. Mwaka 1896 Mholanzi Martinus Beijerinck, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya virusi, akaonyesha kwamba kizazi cha pili hakiishi kwenye mwaloni huo hata kidogo. Kinaishi kwenye mwaloni wa Uturuki, ndani ya vishada vya maua dume, kwenye vivimbe vidogo ambavyo ni rahisi kuvipita. Miaka 113 ilipita kati ya jina na nusu ya pili. Jibu hilo lilieleza pia kwa nini mdudu huyu alienea alivyoenea. Mwaloni wa Uturuki ulipelekwa Uingereza mwaka 1735 kama mti wa kupamba bustani. Nyigu akaufuata polepole kuvuka Ulaya, bustani hadi bustani, akafika visiwa hivyo katika miaka ya 1950 na 1960. Bila miti yote miwili kuwa jirani, hawezi kukamilisha maisha yake.

Kinsey alilijua tatizo hili vizuri, na jibu lake lilikuwa wingi. Alihamia Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1920 na kutoka hapo akazunguka Marekani, kisha Meksiko na Guatemala katika miaka ya 1930, akichuma vivimbe na kuvisubiri vitoe wenyewe. Kila nyigu aligundishwa kwenye pini, akapewa kikaratasi chenye maandishi madogo ya mkono, kisha akapimwa chini ya hadubini, vipimo zaidi ya 20 kwa kila mmoja. Kitabu chake cha 1930 kuhusu jenasi Cynips kina kurasa zaidi ya 500. Kilichomshangaza ni kwamba katika maelfu hayo hakuwapata wawili waliolingana kabisa, na alishikilia kwamba tofauti hizo ndizo habari yenyewe ya jinsi spishi zinavyozaliwa. Baadaye wakosoaji walisema aligawa mno, akawapa majina nyigu ambao ni wa jamii moja wakitofautiana kidogo kwa mahali. Wakati mwingine walikuwa sahihi. Lakini mwaka 1937 alikuwa ameunda jenasi mbili, Druon na Feron, ambazo wengine walizifuta na kuwarudisha wadudu wake kwenye jenasi kubwa Andricus. Vipimo vya DNA vilipofika, zote mbili zikarudishwa: Druon mwaka 2022, Feron mwaka 2023. Majina yenye umri wa zaidi ya miaka 80 yakaamka kwa sababu mwenyewe aliwatazama wadudu wake kwa makini kuliko waliomkosoa.

Sasa ukubwa. Kivimbe kinachoongoza magharibi mwa Marekani ni cha Andricus quercuscalifornicus, kwenye mialoni ya mabonde ya California. Kikubwa hufikia sentimita 10 kwenda juu, na ukikiona kwa mbali utadhani mti umezaa machungwa. Huanza kijani majira ya kuchipua, hupata wekundu upande wa jua, kisha hukauka kikawa kahawia na kubaki kwenye tawi hata mwaka unaofuata. Ukikipasua kikiwa kibichi, unakuta nyama nyeupe kama sifongo, nyepesi, yenye mistari inayoelekea katikati, na hapo katikati vyumba vidogo vyenye mabuu, hata 12 katika kivimbe kimoja. Lakini si wote wanaoishi humo ni wenye nyumba. Kuna nyigu vimelea wanaopitisha sindano ndefu ya kutagia hadi kwa buu, kuna wapangaji wanaokula kuta tu, kuna kiwavi wa nondo anayekula chochote anachokutana nacho. Katika jitu hilo lote, dume hajawahi kuonekana. Kama kuna kizazi cha pili mahali fulani kwenye mti uleule au mwingine, hakuna aliyekwisha kukikamata. Kwa mdudu anayejulikana tangu 1881, ambaye vivimbe vyake mtoto anaweza kuviona kutoka barabarani, hilo linanivutia kuliko ukubwa wake.

Kwa udogo, yupo Neuroterus valhalla, mwenye urefu wa milimita 1 hivi. Alitangazwa mwaka 2022 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, wakiongozwa na Pedro Brandão-Dias, na amepewa jina la baa ya wanafunzi wa chuo hicho kwa sababu mwaloni alikopatikana umesimama nje yake. Mwezi Machi nyigu hawa hutoka kwenye vivimbe vya maua dume, wakiwa wamekua kwa wiki chache tu. Lakini maua hayo huanguka mara moja. Kizazi kinachofuata kitaishi wapi? Watafiti walifuatilia na kuwakuta wamejificha kwenye vifundo vya matawi machanga, ndani kabisa, bila uvimbe wa kuonekana kwa urahisi, na humo hukaa miezi 11. DNA ndiyo iliyothibitisha kwamba wa maua na wa matawi ni mdudu mmoja. Adler alihitaji vyungu na miaka. Hapa ushahidi wa DNA ulikamilisha kazi hiyo maabara, na tangazo lake lilikuwa miongoni mwa ya kwanza ya mdudu mpya kutolewa pamoja na jenomu nzima. Hata hivyo mtu alilazimika kwanza kwenda nje na kukata matawi.

Ukatili unamwendea mwingine, naye si nyigu wa vivimbe bali adui yake. Mwaka 2017 kundi la Rice lilimtangaza Euderus set, nyigu wa rangi ya buluu inayometameta, kutoka pwani ya Florida. Jina linatokana na Set, mungu wa Misri ya kale anayesimuliwa kwamba alimfungia ndugu yake ndani ya sanduku. Mwathirika wake ni Bassettia pallida, ambaye hukulia kwenye chumba chembamba ndani ya tawi. Kwa kawaida Bassettia akishakomaa hutafuna tundu kwenye gome akatoka, basi. Akiwa ameshambuliwa na Euderus, hutafuna tundu lakini ni dogo mno. Kichwa kinaingia na kukwama, kikaziba mlango kama kizibo. Buu wa Euderus aliye nyuma yake humla taratibu kutoka ndani, hugeuka kuwa nyigu kamili, kisha hutoboa kichwa cha mwenye nyumba na kutoka kupitia hapo. Watafiti walijaribu kufunika baadhi ya vichwa kwa vipande vya gome. Euderus waliolazimika kupita kwenye gome walinaswa ndani na kufa karibu mara tatu zaidi ya wale waliopita kwenye kichwa peke yake. Kwa maneno mengine, kimelea anamfanya mwathirika wake achimbe njia ambayo yeye mwenyewe hawezi kuichimba, na kuiziba kwa kitu laini. Bassettia alikuwa na jina tangu 1896; kwa miaka 121 vichwa hivyo vilikuwepo kwenye matawi.

Nani aliyewaficha wengi zaidi chini ya jina moja? Hapa sina shaka: Ormyrus labotus, nyigu kimelea wa Amerika Kaskazini. Vitabu vilisema ni mdudu asiyechagua, anayeshambulia aina zaidi ya 65 za vivimbe. Mwaka 2022 Sofia Sheikh, Andrew Forbes na wenzao wa Chuo Kikuu cha Iowa walilinganisha DNA, mwili na mazoea ya nyigu waliotoka kwenye vivimbe mbalimbali, wakaona wameshika spishi zisizopungua 16. Kila moja ina orodha fupi ya vivimbe vyake. Yule mla-chochote hakuwahi kuwepo. Jambo kama hilo liliwafika Belonocnema, nyigu wa mialoni ya kusini mwa Marekani ambao wamefanyiwa utafiti kwa miaka mingi kwa jina la treatae, heshima kwa Mary Treat, mwanasayansi mwanamke aliyeandikiana barua na Darwin. Mwaka 2021 ilionekana kwamba ni spishi tatu. Mmoja wao anaitwa kinseyi.

Kwa thamani, hakuna anayemfikia nyigu wa vivimbe vya Aleppo, Andricus gallaetinctoriae, aliyepewa jina na Olivier mwaka 1791 lakini aliyefanya biashara karne nyingi kabla ya hapo. Kivimbe chake ni kigumu, chenye tanini hata zaidi ya nusu ya uzito wake. Wafanyabiashara walivigawa kwa macho: vile vya kijani na buluu visivyo na tundu, yaani nyigu bado yumo, vilikuwa ghali, vile vilivyotobolewa na nyigu kwisha kutoka vilikuwa rahisi, kwa kuwa tanini yake imepungua. Vilipondwa, vikaloweshwa, vikachanganywa na salfeti ya chuma na gundi ya migunga. Wino unaopatikana huandika kwa weusi hafifu, kisha hewa huukoleza ukawa mweusi wa kudumu unaoingia ndani ya ngozi ya kuandikia. Kwa wino wa namna hiyo ziliandikwa nakala za kale za Biblia, na nakala za mwanzo za Kurani pia. Kaka yake wa Ulaya, Andricus kollari, alipelekwa Devon, Uingereza, karne ya 19 kwa ajili ya rangi na wino huohuo, na tangu hapo hajaondoka.

Hasara kubwa inamhusu aliyehama mwaloni. Dryocosmus kuriphilus ni wa kundi hilihili, lakini anavimbisha chipukizi za mti wa chestinati, zisitoe matawi wala matunda. Alitokea China, akaonekana Japani mwaka 1941, akapewa jina mwaka 1951, akafika Georgia, Marekani, mwaka 1974, na Italia mwaka 2002. Ni majike watupu: akifika mmoja, shamba zima liko hatarini. Kilichosaidia ni kimelea wake wa China, Torymus sinensis, aliyeachiliwa Japani na baadaye Italia.

Rekodi ya werevu naigawia kivimbe chenyewe. Baadhi ya vivimbe vya jenasi Kokkocynips huanguka chini vikiwa na kofia laini ya waridi, na sisimizi huvibeba hadi kwenye kichuguu. Mwaka 2022 Robert Warren na wenzake walionyesha kwamba kofia hiyo ina mafuta yanayofanana na yale ambayo mbegu za mwituni huwawekea sisimizi ili wazibebe. Sisimizi hula kofia na kumwacha buu salama chini ya ardhi. Aliyevigundua vivimbe hivyo karibu na shimo la sisimizi, akidhani ni mbegu, alikuwa mtoto wa miaka 8. Na California kuna Neuroterus saltatorius, ambaye kivimbe chake cha milimita 1 huanguka kutoka kwenye jani na kurukaruka juu ya ardhi kwa mtikisiko wa buu aliye ndani, mpaka kiingie kwenye ufa.

Afrika yetu haimo kwenye orodha ya mialoni, lakini imo kwenye orodha ya nyigu wa vivimbe. Mwaka 2011 Johan Liljeblad na wenzake walimtangaza Qwaqwaia scolopiae wa Afrika Kusini, anayevimbisha mti wa jenasi Scolopia. Hakufanana na yeyote, hivyo walimwundia jenasi yake na hata kundi lake la juu zaidi. Scolopia inaota pia Afrika Mashariki, na ningependa sana mtu aanze kuitazama.

Tunaowajua vizuri zaidi wamekuja kwa njia nyingine. Mwaka 2002 wakulima wa magharibi mwa Kenya na wa Uganda walianza kuona mikaratusi michanga ikivimba: uti wa jani, kikonyo, ncha ya tawi, vyote vikijaa nundu za kijani na baadaye nyekundu, na mche ukidumaa. Mdudu alikuwa nyigu mdogo wa familia nyingine kabisa, asiyehusiana na wale wa mialoni, na wakati huo hakuwa na jina popote duniani. Tayari alikuwa ameenea kuzunguka Bahari ya Mediterania. Jina, Leptocybe invasa, lilitoka mwaka 2004, jenasi mpya na spishi mpya kwa pamoja, miaka miwili baada ya miche ya Kenya kuanza kudumaa. Tanzania alionekana mwaka 2005. Mpaka alipopata jina hakukuwa na namna ya kuuliza kwao ni wapi, wala nani anayemla huko. Mara alipojulikana, watafiti wakafuata nyayo zake hadi Australia, nyumbani kwa mkaratusi, wakarudi na vimelea wadogo ambao nao walikuwa wapya kwa sayansi: wawili waliopewa majina mwaka 2008 na kuachiliwa Israeli, na Selitrichodes neseri, aliyepewa jina mwaka 2012 na kuachiliwa kwenye mashamba ya Afrika Kusini.